Pete Mguuni mwa Korongo

Leo natutafakari juu ya ndege wakimbiao baridi, na juu ya jirani zetu.

Hapa Elgon View twaijua baridi ya Julai. Lakini katika nchi za kaskazini, mwezi wa Januari maziwa mengi huganda hata watu wakatembea juu yake. Ndege wa majini waliobaki hukusanyika penye maji yasiyoganda, mara nyingi bandarini karibu na mashua. Huko huwafuata watu wenye kamera. Mpiga picha mwema hujilaza chini, akatulia, akamngoja ndege amkaribie mwenyewe. Hamshtui ili apate picha ya mabawa, kwa maana katika baridi ile kuruka bure humpotezea ndege nguvu, na chakula ni haba.

Bwana Yesu alituagiza tuwaangalie ndege wa angani, Mathayo 6:26. Kasisi John Stott wa Kanisa la All Souls, London, aliyefariki mwaka 2011, alilishika neno hilo. Aliwapiga ndege picha miaka mingi, na mwaka 1999 akatoa kitabu juu ya mafundisho yao.

Ndege wengine hawaingoji barafu. Korongo weupe wa Ulaya hupita juu ya nchi ya Israeli, hufuata Mto Nile, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 5,000, wengine hutua katika mashamba yetu ya Uasin Gishu. Hula panzi na viwavijeshi, hivyo humsaidia mkulima. Ifikapo Machi huanza kurudi kwao.

Baadhi yao wana pete mguuni, yenye herufi na tarakimu, waliyovishwa walipokuwa makinda. Kamera yenye lenzi ndefu huweza kuisoma kwa mbali. Ndipo hujulikana korongo huyu alizaliwa nchi gani, na mwaka gani. Na kwa nini watu watake kujua? Ili wajue njia zake na mahali apatapo chakula, wapate kumlinda.

Ndugu yangu, hapa ndipo neno linapotugusa. Majira ya korongo ndiyo yaliyokuwa majira ya msiba wetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walisimamishwa vizuizini barabarani, wakaambiwa, "Toa kitambulisho." Jina likasomwa, kabila likajulikana, na wengine hawakufika nyumbani. Tarehe 1 Januari 2008, hapo Kiambaa, kanisa lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Maelfu wengine walilala katika Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret, hali wengi wao walikuwa na nyumba katika wilaya hii hii.

Korongo husomwa pete yake ili aishi. Binadamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, alisomewa jina lake ili afe. Je, sisi si bora kuliko ndege?

Kuuliza mtu atokako si dhambi. Swali ni hili: wauliza ili umtendee nini? Mungu aliwaagiza Waisraeli, Mambo ya Walawi 19:34, wampende mgeni kama nafsi zao, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Basi jirani mpya akihamia mtaani, muulize jina lake, kisha umwonyeshe penye maji, na shule, na kanisa. Na watoto wakikusikia ukitaja kabila la mtu, wakusikie ukilitaja kwa heshima. Uchaguzi huja na kupita. Watoto hawayasahau maneno waliyoyasikia mezani.

Natuombe. Ee Bwana, uwalishaye ndege watokao mbali, utupe macho ya kumtazama jirani kwa subira, na mikono ya kumlinda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.