Somo la Leo: Tangazo na Picha

Fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza juu ya matangazo ya biashara, yale yanayobandikwa ukutani na kuchapwa magazetini. Kusoma tangazo nako ni kusoma. Mtu anayejua herufi tu, asijue tangazo linataka nini kwake, huweza kupoteza fedha zake.

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwaka 1949 kijana mmoja, jina lake Andy Warhol, alitoka mji wa Pittsburgh akaenda New York kutafuta kazi. Kazi aliyoipata ni kuchora matangazo. Katika miaka ya 1950 alichora viatu vya wanawake vya duka la I. Miller, na michoro yake ikatoka magazetini. Kazi yake ilikuwa kumfanya msomaji avitamani viatu vile.

Mwezi wa Aprili 1961, duka la nguo za fahari liitwalo Bonwit Teller lilitundika picha zake tano dirishani, nyuma ya sanamu zilizovalishwa magauni. Baadhi ya picha zile alizinakili kutoka matangazo madogo ya magazeti. Je, mpita njia aliona sanaa au biashara? Aliona vyote viwili, katika dirisha moja.

Mwaka 1962 alionyesha Los Angeles picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's. Wengine walimcheka. Lakini sanaa hiyo, iitwayo sanaa ya pop, ilienea. Mwaka 1966 Yves Saint Laurent, mbunifu wa mavazi wa Paris, alitoa magauni yenye michoro ya namna hiyo.

Mwaka 1985 Warhol alichapa picha za chupa ya marashi ya Chanel No. 5. Alikufa mwaka 1987. Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, kampuni ya Chanel ilizitumia picha zile kutangaza marashi yake. Tazameni mzunguko huo: bidhaa ikawa sanaa, na sanaa ikawa tangazo. Lakini picha haiongezi hata tone moja la marashi katika chupa. Inachoongeza ni sifa, na sifa nayo hulipiwa.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hutembezwa, tena kwa gharama kubwa, na gharama hiyo imo katika bei. Si kosa kununua kitu kizuri. Kosa ni kutojua unalipia nini.

Kazi ya darasani. Tafuteni tangazo moja, mlisome pamoja, kisha mjibu:

1. Linauza kitu gani?
2. Linasema nini juu ya kitu chenyewe?
3. Linasema nini juu ya mtu atakayekinunua?

Mkiona jibu la tatu ni refu kuliko la pili, fungeni mikoba kwanza, mfikiri. Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.