Gari la Dizeli Linapogoma Asubuhi ya Baridi: Tuanze Wapi Kupima?

Maelezo ya fundi wa karakana kwa madereva wa Halmashauri



Kati ya Juni na Agosti, wenzetu wa uwanda wa Kitulo huamka na kukuta sakitu nyeupe juu ya nyasi. Asubuhi za namna hiyo ndizo gari la wagonjwa hugoma kuwaka, ilhali mama mwenye uchungu hawezi kusubiri jua lichomoze. Nimeombwa nieleze namna ya kuutafuta ugonjwa wa gari kabla ya kununua kifaa chochote.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Huikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka ipate moto mkali, kisha mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo inahitaji mambo matatu: kuzunguka kwa kasi ya kutosha, mafuta yanayofika, na joto. Chuma baridi huinyang'anya hewa joto lake. Kazi yetu ni kubaini lipi kati ya hayo matatu limekosekana.

Kwanza, isikilize stata. Ikiizungusha injini kwa uvivu, ishuku betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Ikishuka sana chini ya volti 10 wakati stata inazunguka, safisha vichwa vyake, ichaji, kisha uipime upya. Oili nzito kuliko ile iliyoelekezwa katika kitabu cha gari nayo huitesa stata.

Pili, litazame bomba la moshi. Stata ikizunguka vizuri na moshi usionekane kabisa, yaelekea mafuta hayafiki. Mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli, kisha bonyeza pampu ya mkono mpaka ikaze. Gari likiwaka baada ya hapo, na kesho likagoma tena, tafuta mahali hewa inapoingilia usiku: mpira uliopasuka au kibano kilicholegea.

Moshi mweupe una habari nyingine: mafuta yanafika, lakini hayaungui. Hapo zipimwe plagi za kupasha joto. Tenganisha waya unaoziunganisha, upime kila moja peke yake kwa mita. Plagi nzima huwa na ukinzani mdogo, aghalabu chini ya omu 2. Iliyokatika haipitishi umeme. Zote zikiwa nzima, kagua fyuzi na rilei inayozipelekea umeme. Umeme nao ukifika, basi ipimwe kompresheni, kwani huenda ringi au valvu zimechakaa. Hiyo ni kazi ya karakana, si ya barabarani.

Ndugu madereva, yako mambo mawili nawasihi myaache. Msipulize petroli wala etha kwenye njia ya hewa. Ikikutana na plagi zenye moto huweza kulipuka na kuvunja pistoni. Wala msiwashe moto chini ya injini, kwa kuwa tone moja la mafuta latosha kuliteketeza gari.

Waheshimiwa, utaratibu huu ni suala la fedha za wananchi pia. Anayebadilisha plagi nne kwa kubahatisha, kumbe betri ndiyo mbovu, amenunua vifaa visivyohitajika na gari bado halijawaka. Kupima betri ni kazi ya dakika chache.

Naomba kila dereva aandike katika daftari la gari: saa aliyojaribu kuwasha, mzunguko wa stata, rangi ya moshi na volti za betri. Fundi akipata mistari hiyo minne, hataanza kwa kukisia, na gari litarudi zahanati mapema.