Kupima Kabla ya Kununua Beringi

Asubuhi hii twende pamoja karakana, mahali injini ya lori imefunguliwa na krankishafti imelazwa mezani. Sisi wenye haraka humwuliza fundi, "Beringi ni pesa ngapi?" Fundi mwema hajibu upesi. Kwanza hushika maikromita akapima kila shingo ya shafti, upande huu na upande ule, kwa maana shingo huweza kuliwa ikawa na umbo la yai. Ikiwa imeliwa, husagwa, ndipo hununuliwa beringi nene zaidi. Beringi ya kumi ni ya shingo iliyopunguzwa inchi 0.010.

Tena huachwa nafasi ya oili. Shingo ya inchi 2 huhitaji nafasi ya karibu inchi 0.002. Ikizidi, presha ya oili hushuka na injini hugonga. Ikipungua, oili hukosa njia na shafti huweza kukwama.

Lakini iko njia nyingine, nasi twaijua. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hukatwa ikatiwa nyuma ya beringi kuukuu, humwagwa oili nzito, na kelele hunyamaza. Gari lauzwa. Mnunuzi apakia abiria, na katika kupanda Timboroa injini yashika. Aliyeuza huenda Jumapili alikuwa kiti cha mbele.

Sisi Wakristo tunayo karatasi hiyo. Twashikana mikono na ndugu mlangoni pa kanisa, na neno la mpaka wa shamba halijasemwa tangu baba azikwe. Kelele imenyamaza, twaiita amani. Mwenye Zaburi ya 139 alimwomba Mungu amchunguze moyo. Hakuomba kelele ipunguzwe.

Beringi nayo hutengenezwa kwa madini laini juu ya chuma, makusudi, ili chembe ya uchafu izame ndani yake isiikwaruze shafti. Iliyo laini huliwa ili shafti ipone. Hatutauvuta mfano huu mbali, maana mifano ya wahubiri nayo huchoka, lakini aliyesimama chini ya Msalaba ataelewa.

Kama yuko anayeuza gari leo, naye anajua liligonga, amwambie mnunuzi kabla ya kupokea fedha. Na yule wa mpaka wa shamba asingoje Jumapili.

Tuwaombee mafundi wetu, na madereva walio njiani asubuhi hii. Amina.