Isimba: Mkopo Ni Wetu, Ukaguzi Je?

Bwawa la Isimba, kwenye mto Nile nchini Uganda, mkondo wa chini kutoka Jinja, lilijengwa na CWE, kampuni ya serikali ya China. Lina megawati 183, na sehemu kubwa ya gharama ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Lilizinduliwa Machi 2019. Agosti 2022 maji yakafurika jumba la mitambo, bwawa zima likazimika. Stima ikipotea, fundi wa kuchomelea pale mtaani Namatala, Mbale, anakaa bure, na kodi ya kibanda haimsubiri. Mjenzi abebe lawama yake, lakini ukaguzi ni jukumu letu. Kasoro za bwawa hilo zilikuwa zimeshatajwa hadharani na UEGCL, shirika letu la kuzalisha umeme. Bunge lidai orodha ya zilizorekebishwa, nasi tusomewe.