Sheria Haiingii Darasani

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imekwisha kutiwa sahihi na Rais wa Kenya, nanyi mmeisikia ikisifiwa. Kwa hiyo hatutairudia. Linalotutia wasiwasi sisi katika idhaa hii ni jambo moja, nalo ni kwamba sheria haiingii darasani. Aingiaye darasani ni mwalimu, peke yake, mbele ya watoto sitini, na miongoni mwao yumo mtoto mwenye usonji ambaye hakuna aliyemwonyesha mwalimu huyo namna ya kumsaidia.

Mtazameni mtoto huyo saa ya michezo, mvua inapolishukia Bonde la Ufa kwa ghafla na mwalimu akatangaza kwamba leo hakuna kutoka, bali watachora. Wenzake hununa kidogo, kisha hushika kalamu. Yeye huziba masikio, hulia, huingia chini ya dawati, kwa sababu utaratibu alioushika moyoni umevunjika bila taarifa, na akili yake haikuzoezwa kutafuta njia ya pili. Aghalabu huitwa mkaidi. Na ijapokuwa viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001, wangaliko watu wazima ambao mkono wao hukimbilia fimbo. Fimbo humfundisha hofu. Haimfundishi njia ya pili.

Ilhali dawa yake i dhahiri, wala si ya gharama. Ratiba ya siku hubandikwa ukutani kwa picha, kadi baada ya kadi, ya hesabu, ya uji, ya michezo. Na huwapo kadi moja yenye rangi yake ya pekee, ambayo maana yake ni kwamba jambo fulani litabadilika. Kadi hiyo hutumiwa kwanza kwa badiliko dogo, kama kikombe cha buluu badala ya chekundu. Na baada ya majuma mengi, kwa mvua ile ya saa ya michezo. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto hufahamishwa mapema, hupewa mambo mawili achague moja, na husifiwa kila apitapo salama. Wala halazimishwi kuyaacha ayapendayo.

Lakini ni nani atakayezikata kadi hizo? Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini mwaka 1984. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikafuata mwaka 1986. Ikaja sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003, ikaja sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu ya 2018. Na baada ya yote hayo mwalimu ni yule yule, peke yake, mbele ya watoto sitini. Mzazi wa Molo humpeleka mwanawe apimwe, hupewa barua, huifikisha shuleni, na barua hutiwa katika faili. Sheria haiingii darasani, wala barua haiingii.

Basi, enyi wakubwa wa elimu, mpeni mwalimu msaidizi, mpeni mafunzo! Enyi wa serikali ya kaunti, chekechea ziko mikononi mwenu kwa mujibu wa Katiba: anzieni huko! Enyi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Egerton, tokeni Njoro mwende Subukia na Gilgil! Enyi wazazi, msimfiche mtoto. Nendeni shuleni mkaulize kadi ziko wapi! Nawe mwalimu, usingoje waraka. Kata katoni, chora, anza kesho asubuhi!