Keki za Vijiti kwa Sikukuu ya Krismasi

Karibuni mkae, na wenye daftari wazifungue, maana leo kuna vipimo vya kuandika. Na ninyi akina baba mliosimama mlangoni, ingieni. Keki haichagui mpishi.

Krismasi ya mwaka jana tuliandaa keki 1 kwa ajili ya watoto wa kijiji. Tuliikata vipande, vikaliwa na waliokuwa mbele. Wa nyuma walibaki wanatazama. Mtoto mmoja alirudi kwao na kisahani chake kitupu. Kosa lilikuwa letu: hatukuhesabu watoto kabla ya kuwasha jiko. Mwaka huu tunataka keki za mviringo, ndogo, kila moja kwenye kijiti chake, ili kila mtoto apate sawa na mwenzake.

Haya, andikeni. Unga wa ngano vikombe 2 vya chai. Sukari kikombe 1 kasorobo. Siagi ya kopo nusu ya robo kilo. Mayai 3. Maziwa nusu kikombe. Bekingi pauda vijiko vidogo 2. Vipimo hivi vinatoa keki ndogo 24 hivi, kila moja sawa na ndimu ndogo. Basi kama watoto ni 70, tutapika mara ngapi? Mara 3, tutapata 72. Zile 2 ni za akiba, maana lazima moja itaanguka.

Siagi na sukari zisagwe pamoja kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe. Hapa ndipo wengi huchoka mapema, na keki inakuwa ngumu kama tofali. Tia yai moja moja, kisha unga uliochanganywa na bekingi pauda, kisha maziwa. Paka sufuria mafuta, nyunyiza unga kidogo, mimina.

Sasa jiko. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, ipate moto, halafu weka ile ndogo juu ya mchanga. Funika, weka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Sisi safari ya kwanza tulifanya kinyume, ikaungua chini na juu bado uji. Baada ya dakika 35 hivi choma katikati kwa njiti safi. Ikitoka kavu, imeiva.

Keki ikipoa kabisa, ifikiche kwa mikono iliyonawa. Ongeza vijiko vikubwa 3 vya jamu, ufinyange. Msizidishe jamu, jamani, mipira italegea na kuponyoka kwenye vijiti.

Vijiti ni jambo la kuangalia sana. Chongeni mianzi, ilainisheni, muichemshe na kuikausha. Msikate vijiti kwenye ua wa mnyaa. Utomvu wake unaunguza kinywa, na ukiingia machoni ni hatari. Wala ncha isiwe kali, mtoto hukimbia na kitu mdomoni. Wenye umri chini ya miaka 3 wapewe keki bila kijiti, imevunjwa vipande vidogo.

Pambo lenyewe halitaki duka la mjini. Twanga sukari vikombe 2 iwe laini kama unga, ichekeche. Tia maji ya ndimu kijiko kikubwa 1, koroga, ongeza tone kwa tone mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Ukitaka nyekundu, ongeza maji mazito ya rozela badala ya ndimu. Inapendeza kweli! Chovya ncha ya kijiti kwenye sukari hiyo, ichomeke hadi nusu ya mpira, uache ishike. Ndipo uchovye mpira wote na kuuviringisha kwenye nazi iliyokunwa na kukaushwa, au karanga zilizokaangwa na kupondwa. Karanga yenye ukungu itupwe, ina sumukuvu, na kuikaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Wapo watakaosema afadhali shira ya moto, kama ya visheti. Sisi hatuipendi watoto wakiwa karibu. Shira hung'ang'ania ngozi, inaunguza kuliko maji. Ikimpata mtu, mwagieni maji safi ya baridi dakika 20, msipake mafuta wala dawa ya meno, kisha mpelekeni zahanati.

Zitakauka wapi, zikiwa zimesimama? Kateni kipande cha gogo la mgomba, mchomeke vijiti juu yake vimesimama wima. Tengenezeni jioni ya tarehe 24, si kabla, maana joto la Desemba huharibu chakula upesi. Gogo liwekeni kwenye karai lenye maji kidogo, ili sisimizi wasipande usiku, na juu mfunike kwa kitambaa safi.