Pilau ya Sikukuu Imekwisha, Sasa?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari ya bweni, wiki ya kwanza ya muhula)

Najua matranka bado yananukia nyumbani. Wapo wenye chapati za mama zilizoanza kukauka, na wapo ambao biskuti ziliisha kabla basi halijafika stendi. Msicheke, nami nilikuwa hivyo hivyo.

Leo sikuja kuwakataza kitu. Nataka tuzungumze neno moja ambalo baadhi yenu mmelisikia likizoni: "Eh, umenenepa!" Kwa shangazi hiyo ni sifa, maana yake umenawiri. Lakini wewe wa miaka 15 ukilisikia unakimbilia kioo, si ndiyo?

Mimi niliambiwa hivyo nikiwa kidato cha tatu. Tuliporudi bweni, wasichana wanne tukapatana: chakula cha usiku hatuli mpaka sketi zitukae vizuri. Siku za kwanza tulijiona mashujaa. Baadaye nikawa nasoma Baiolojia huku nawaza maandazi. Wiki ya pili nikaanguka mstarini, asubuhi, mbele ya shule nzima. Na jambo ambalo sikumwambia mtu: usiku ule nilikula pakiti nzima ya biskuti gizani, chini ya blanketi, halafu nikalia kwa aibu. Nilidhani sina nidhamu.

Kumbe nidhamu haikuhusika. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, kwa muda wa miezi sita hivi. Walikuwa wamechaguliwa kwa uzima wa mwili na akili. Basi wakaanza kuwaza chakula mchana na usiku, wengine wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya! Wakawa wanyonge, wenye hasira, hawataki watu. Walipoachiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakajisikia na njaa. Mwili ukinyimwa, unadai. Ndiyo zile biskuti zangu za gizani.

Na ninyi bado mnakua. Msichana kuongezeka nyonga na mapaja umri huu ni kazi ya kawaida ya mwili, si kosa la pilau. Ubongo peke yake hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili uliopumzika. Ukiruka uji wa asubuhi, utalaumu hesabu bure. Wasichana mnapoteza pia madini ya chuma kila mwezi, kwa hiyo maharage, dagaa na mchicha msivisukume pembeni ya sahani. Chungwa baada ya mlo husaidia mwili kuyachukua hayo madini. Chai ya rangi hapo hapo huyazuia.

Wengine mnakula halafu mnaenda chooni kujitapisha. Nalisema wazi kwa sababu lipo. Asidi ya tumbo hula meno, na chumvi za mwili zikivurugika moyo unaweza kupiga ovyo. Dawa za kuharisha nazo hazikondeshi, zinakutoa maji tu. Ukijiona huko, au rafiki yako yuko huko, nenda kwa matroni au muuguzi. Huo ni ugonjwa na una matibabu, usiufiche kama wizi.

Wavulana, mnaojisifu kumaliza soda tatu kwa mkupuo, chupa moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Sikukuu moja haidhuru. Kila siku dukani ni habari nyingine.

Halafu jamani, humu ndani wapo ambao Krismasi au Idi ilipita na ugali kama siku nyingine. Mnaposimuliana nani alikula nini, angalieni nani amenyamaza. Na ule mchezo wa kupimana viuno bwenini uacheni. Ulianza kwetu kama utani, na mwenzetu mmoja kati ya wale wanne alirudishwa nyumbani muhula ule, hajiwezi. Alipona, lakini mtihani alifanya mwaka uliofuata.

Haya, kengele ya makande inakaribia, nami nitakula hapa hapa bwaloni pamoja nanyi. Sanduku la maswali liko mlangoni. Andika, usitie jina, nitajibu yote Ijumaa.